Kabla ya Kuulaumu Mnara

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi na wakulima wa nchi hii, intaneti si anasa tena. Mwalimu huitumia kupeleka taarifa za shule. Tabibu wa zahanati huagiza dawa kwa njia hiyo. Mkulima wa alizeti huuliza bei ya mjini kabla ya kumkubalia mchuuzi. Na kijana aliyemaliza kidato cha sita hana njia nyingine ya kuomba nafasi ya chuo wala mkopo wa masomo. Kwa hiyo intaneti ikatikapo nyumbani, hasara yake si kukosa picha na nyimbo tu. Ni hasara ya fedha na ya wakati, na pengine ni hasara ya mwaka mzima katika maisha ya mtoto.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia Busi, katika Wilaya ya Kondoa. Tulikuwa tumetoka Dodoma kwa ile barabara ya lami iendayo Babati, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018, na baada ya kufika Kondoa, mwendo wa kilomita zipatazo 160, tukaiacha lami tukafuata njia ya vumbi. Usiku ule tulipokewa katika nyumba ya mzee mmoja mkulima. Baada ya chakula mzee akatuletea mezani kisanduku cheupe chenye taa, kile waitacho rauta, akakiweka mbele yetu kama mtu awekaye mshtakiwa mbele ya baraza.

"Ndugu zangu mtokao mjini," akasema, "hebu niangalieni chombo hiki. Kimetula fedha."

"Kimeharibika lini, mzee?"

"Hakijaharibika. Kimenuna."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Binti yake alikuwa akijaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na zilibaki siku nne tu kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Cheti chake cha kuzaliwa kilikwisha kuhakikiwa na RITA, barua za serikali ya kijiji alikuwa nazo, lakini ukurasa wa maombi haukufunguka katika kompyuta. Mzee alinunua kifurushi cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, akidhani kila kimoja kimekwisha. Fundi mmoja wa mjini aliulizwa kwa simu, naye bila kukiona chombo akasema kimekufa, kinunuliwe kingine. Mzee alikuwa amekwisha kuamua kuuza mbuzi.

Hatukuwa mafundi, wala leo si mafundi. Tulimwuliza binti swali moja tu: je, kila kitu kimekataa, au baadhi tu? Akafikiri kidogo, akasema kwamba simu yake, iliyounganishwa na rauta ile ile, inapokea ujumbe wa WhatsApp vizuri. Basi hapo rauta ikaachiwa huru. Kama simu yapata intaneti kupitia kisanduku kile, basi kisanduku ni kizima, laini ni nzima, kifurushi kipo, na mnara unafanya kazi. Mkosaji alibaki mmoja, naye ni kompyuta.

Tukaitazama. Ilikuwa kompyuta mpakato ya zamani, ambayo betri yake kubwa ilikwisha kufa siku nyingi, hivyo hufanya kazi ikiwa kwenye umeme tu. Kila alipojaribu kufungua ukurasa, ilimwandikia kwamba muunganisho si salama. Na pembeni chini ya kioo chake kulikuwa na tarehe: 1 Januari 2012.

Yafaa tueleze sababu, maana kosa hili hupatikana katika nyumba nyingi kuliko watu wadhanivyo. Kila ukurasa wa intaneti uliofungwa kwa usalama, kama ule wa benki au wa kuombea mkopo, hujitambulisha kwa cheti, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta hukikagua kwanza. Sasa kompyuta inayoamini kwamba tupo mwaka 2012 ikionyeshwa cheti kilichotolewa mwaka huu, hukiona ni cheti ambacho siku zake hazijaanza, yaani cha uongo, na hukikataa. Imefanya kazi yake kwa uaminifu. Aliyeidanganya ni saa yake. Simu haikupatwa na jambo hili kwa kuwa simu huchukua saa kutoka mtandao wa kampuni, ilhali kompyuta hutunza saa yake kwa betri ndogo ya duara, mfano wa kitufe, na betri hiyo ikifa saa hurudi nyuma kila umeme unapokatwa. Binti akaibadili tarehe. Ukurasa ukafunguka. Mbuzi akabaki zizini.

Sisi twaona kwamba jambo lililomsumbua mzee huyu halikuwa ujinga. Maana mtu aliyelima vilima vile miaka arobaini si mjinga. Lilikuwa desturi ya kununua kabla ya kutafuta. Intaneti huuzwa kwetu kana kwamba ni kitu kimoja, na ikikatika twadhani kitu hicho kimoja ndicho kilichokufa. Walakini ni njia ndefu yenye vipande vingi: kutoka chombo mkononi mwako hadi rauta, kutoka rauta hadi mnara, kutoka mnara hadi mkongo wa taifa, kutoka pwani yetu kupita chini ya bahari, hadi kwenye kompyuta ya mbali yenye habari uitakayo. Kipande chochote kikikatika, dalili machoni pako ni ile ile, yaani ukurasa haufunguki. Kazi ya mwenye nyumba ni kujua ni kipande gani, na kuanza na kilicho karibu.

Adabu hii si mpya. Katika Ulaya ya miaka ya 1990, Ujerumani hasa, nyumba nyingi zilipata intaneti kwa mpango ulioitwa ISDN, uliopitishwa katika waya wa shaba wa simu. Waya ule ulibeba njia mbili, kila moja ikiwa na kilobiti 64 kwa sekunde, na aliyeziunganisha zote mbili alipata 128. Basi watu wakalalamika kwamba intaneti yao hupungua nusu bila sababu, kumbe mtu wa nyumbani ameinua simu kuzungumza na shangazi, njia moja ikachukuliwa. Wengine walipigia kampuni kelele siku nzima, kumbe kile kisanduku cha ukutani kimechomolewa kwenye umeme na mtu aliyetaka kupiga pasi. Nyumba nyingi za vijijini kwetu hazikupata kufikiwa na waya ule wa shaba. Tuliruka hatua hiyo, tukaingia moja kwa moja katika minara. Lakini yule mtu wa pasi tunaye hata sasa.

Na kwa kuwa tumetaja umeme, tuanze nao. Rauta nyingi za nyumbani hutaka umeme wa volti 12 kutoka chaja yake yenyewe. Chaja ikipotea, watu huchukua ya chombo kingine kwa kuwa tundu lake linaingia. Ikiwa ni ya volti 9, rauta huweza kuwasha taa na bado isifanye kazi. Ikiwa ni ya volti nyingi mno, huungua. Katika nyumba za umeme wa jua kuna kasoro nyingine iliyojificha zaidi: mapema usiku kila kitu ni sawa, lakini betri ikianza kuchoka rauta hujizima na kujiwasha yenyewe, na intaneti hukatika kila baada ya dakika chache. Mwenye nyumba humlaumu mnara. Aitazame rauta kwa dakika kumi. Zikizimika taa zote pamoja na kuwaka upya, dawa ipo kwenye betri.

Kuzima rauta, kungoja nusu dakika na kuiwasha tena ni jambo jema, na mara nyingi latosha. Lakini kuna kitundu kidogo nyuma yake, kinachobonyezwa kwa ncha ya kalamu au sindano. Hicho kiachwe. Ukikibonyeza na kushikilia, rauta husahau kila kitu: nywila uliyoweka, na pengine yale majina ya mipangilio ambayo kampuni hutumia kukufungulia njia ya intaneti. Tumewaona vijana hodari waliotafuta kasoro moja wakazalisha tatu kwa kitundu hicho.

Kisha laini. Tangu Mei 2019 laini za simu katika Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Laini iliyomo ndani ya rauta nayo ni laini kama nyingine. Wengi huinunua ikiwa tayari imo ndani, kwa muuzaji wa mitaani, imesajiliwa kwa jina la mtu wasiyemjua; siku mwenye jina akiikana, intaneti hufa bila taarifa. Kila mtu aweza kupiga *106# katika simu yake na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya rauta yako isipokuwemo humo, nenda kairekebishe sasa, wala usingoje siku ya haja.

Kuhusu vifurushi twataka kusema zaidi kidogo, maana hapa ndipo fedha ya mfanyakazi inapomwagika. Tumesikia mara nyingi watu wakisema kwamba kampuni zimewaibia kifurushi. Pengine. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Simu na kompyuta zikiona zimeunganishwa kwa waifai hudhani kwamba zimefika kwenye kisima kisichokauka, hivyo huanza kujipakulia masasisho ya programu zao, na kupeleka juu picha zote zilizopigwa harusini. Kompyuta moja yaweza kunywa gigabaiti nzima wakati mwenyewe amelala. Katika mipangilio ya waifai ya kompyuta na ya simu nyingi pana mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu hupimwa, iambieni, itajizuia. Na video, hata iwe ya ubora wa kati, yaweza kula zaidi ya nusu gigabaiti kwa saa moja. Baba anayenunua gigabaiti mbili za wiki na kuwaachia watoto katuni alasiri moja asishangae jioni.

Kadhalika hesabuni ni nani aliye ndani ya waifai yenu. Nywila iliyobandikwa chini ya rauta husomwa na kila mgeni, na mgeni huwa jirani, na jirani huwa na watoto. Ujirani ni jambo jema nasi hatumfundishi mtu uchoyo, ila ukarimu ni ule unaoujua. Nywila ibadilishwe mara moja moja.

Sasa tuutazame mnara wenyewe. Vilima vya Irangi, vile ambavyo mmomonyoko wa udongo wake ulilazimisha kuanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, vyapendeza machoni lakini mawimbi ya mnara hayavipendi. Nyumba iliyo nyuma ya kilima hupata mawimbi yaliyochoka. Bati nalo huyarudisha, na ukuta mnene huyadhoofisha. Kwa hiyo rauta iliyofichwa sandukuni au chini ya kitanda, kwa hofu ya wezi, hufanya kazi kama mtu aliyezibwa masikio. Iwekeni juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Wenye kutaka uhakika wafungue ukurasa wa rauta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, na humo wataona nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: ikiwa karibu na hasi 80 ni nzuri, ikivuka hasi 110 ni dhaifu sana. Sogeza rauta hatua tatu, ngoja kidogo, soma tena. Busi tuliihamisha kutoka kabatini hadi juu ya dirisha la mashariki, na tofauti ilionekana kwa macho.

Lakini mtu aweza kuwa na mawimbi yenye nguvu na bado asipate kasi. Mnara ni kama pampu ya kijiji. Saa mbili usiku wote wamekuja na ndoo zao, na maji ni yale yale. Jaribu kazi hiyo hiyo saa kumi na moja alfajiri. Ikienda vizuri alfajiri na kukwama kila usiku, kasoro si ya nyumba yako, wala rauta mpya haitakusaidia. Ni mnara uliozidiwa na watu, na kwa hilo anayepaswa kujibu ni kampuni.

Pana kasoro moja zaidi inayowachanganya hata wasomi: ujumbe waingia, lakini kurasa hazifunguki katika chombo chochote. Intaneti haiendi kwa majina bali kwa namba, na kila unapoandika jina la ukurasa, chombo chako huuliza daftari fulani la majina namba yake ni ipi. Daftari hilo likigoma, njia ipo lakini anwani haijulikani. Jaribio lake ni rahisi. Andika 1.1.1.1 mahali pa anwani. Ukurasa ukifunguka, na yale majina ya kawaida yakikataa, basi kasoro ni ya daftari, nawe waweza kuingia katika mipangilio ukaweka namba hiyo hiyo, au 8.8.8.8, itumike badala ya daftari la kampuni.

Baada ya hayo yote, kuna siku ambazo mwenye nyumba hana la kufanya, na ni vema azijue ili asipoteze fedha yake. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu katika bahari ya kusini, upande wa Durban. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na Serikali ikawatangazia wananchi sababu. Siku ile watu wangapi walinunua vifurushi vipya juu ya vifurushi vizima? Tena kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Na nyakati hizo rauta ya Busi na rauta ya Dar es Salaam zilikuwa hali moja. Kwa hiyo kabla ya kufungua mfuko, mpigie ndugu aliye wilaya nyingine, anayetumia kampuni nyingine, umwulize kwake kukoje. Simu ya dakika moja ni rahisi kuliko kifurushi cha wiki.

Ukishajiridhisha kwamba kasoro si yako wala si ya bahari, dai haki yako, wala usidai kwa matusi. Andika kwanza: tarehe, saa, mahali, taa gani zilikuwa zikiwaka, vyombo gani viwili ulivyojaribu, na maneno gani yaliyotokea kwenye kioo. Mtu mwenye karatasi kama hiyo haambiwi tu "zima, washa". Piga namba ya huduma kwa wateja, ambayo kwa kampuni zetu kubwa ni 100, na uombe namba ya lalamiko lako. Usipotimiziwa, kuna Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyo hiyo iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili yetu sisi tununuao. Malalamiko ya wananchi hayaendi bure. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa na watu wakapiga kelele, zilisitishwa. Na kanuni za mwaka ule ziliagiza kampuni zimtaarifu mteja matumizi ya kifurushi yafikapo asilimia 75, na tena yafikapo asilimia 100. Kama hupati taarifa hizo, hilo lenyewe ni lalamiko.

Ila tahadhari moja. Mtu akikupigia yeye, akajiita mhudumu wa kampuni, akataka namba yako ya siri ili "akufungulie intaneti", huyo ni mwizi. Ujumbe wa aina hiyo hupelekwa namba 15040.

Asubuhi tulipoondoka Busi, binti alikuwa amefika sehemu ya mwisho ya maombi yake, ila kwa hofu alikuwa hajaizima kompyuta tangu usiku, asije akairudisha mwaka 2012. Mjini Kondoa tulimtafuta mtengeneza saa, tukanunua betri moja ya kitufe, tukampa dereva wa gari liendalo Busi, imefungwa katika karatasi yenye jina la mzee.